Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, naenda kumwona rafiki yangu wa miaka 84 na kurudi siku hiyohiyo. Miaka mitatu sasa, haya ndiyo niliyojifunza

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za Jumapili. Jana nilikuwa safarini, nimeamka na mawazo mengi, nikaona niyaweke hapa kabla hayajapoa. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Nina rafiki wa miaka 84. Mimi nina 47. Si baba yangu, si mjomba, hatuna undugu wowote. Nilimkuta kiwanda cha uchapaji nikiwa kijana wa miaka 19. Kompyuta zilikuwa zimeshaingia, lakini pembeni kulikuwa bado na mashine moja ya kuchapa kwa herufi za madini ya risasi, na yeye ndiye aliyekuwa akizipanga. Herufi ya risasi inakaa kama sura kwenye kioo, kwa hiyo mpangaji lazima asome kinyume. Mzee alikuwa anasoma ukurasa mzima uliogeuka kwa kasi kuliko mimi ninavyosoma gazeti. Alinifundisha, na alivyonifundisha hakuwahi hata siku moja kuniita mjinga, ingawa nilimpa sababu nyingi.

Leo anaishi peke yake. Mkewe ametangulia mbele ya haki, watoto wako mbali na kila mmoja ana mzigo wake. Kutoka kwangu hadi kwake ni mwendo wa saa tatu kwa basi. Naondoka saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu niko mlangoni, saa tisa alasiri naaga, usiku unanikuta nyumbani.

Mwaka wa kwanza nilikosea, na kosa lenyewe ndilo limenifanya niandike. Nilikuwa naenda "nikipata nafasi". Namtokea tu, bila taarifa, nikiamini namfurahisha kwa kumshtukiza. Siku moja wakati wa kuaga nikamwambia, "Mzee, nitapita wiki ijayo." Sikupita. Kazi zilinibana, nikasahau hata kupiga simu. Nilipokwenda mwezi uliofuata, jirani yake akanivuta kando akaniambia mzee alikuwa anavaa shati la kutokea kila asubuhi, anakaa karibu na mlango mpaka jua linazama. Siku sita mfululizo! Kwa sababu mimi nilisema "wiki", sikusema siku. Yeye mwenyewe hakunitamkia neno. Alinipokea kama kawaida.

Sikuwa na pa kuuficha uso wangu.

Tangu siku hiyo tuna siku moja inayojulikana. Jumamosi, moja ndiyo, moja hapana. Nilimpelekea kalenda kubwa ya ukutani, na kabla sijaondoka yeye mwenyewe anachukua kalamu anaizungushia duara tarehe ya safari ijayo. Nikikwama napiga simu mapema, na sikati simu mpaka tumepanga tarehe nyingine na nimemsikia akiirudia. Mabadiliko niliyoyaona kwa mtu yule katika miezi michache siwezi kuyaeleza vizuri. Alianza kunyoa ndevu. Alianza kuniwekea habari: "Nilikuwa nakusubiri nikuulize jambo hili." Siku kumi na tatu za katikati zilipata mwelekeo.

Baadaye nikaja kusoma kwamba jambo hili liliwahi kupimwa. Mwaka 1976 mtafiti wa Marekani, Richard Schulz, alichapisha matokeo ya jaribio alilofanya kwenye makazi ya wazee. Wanafunzi wa chuo waliwatembelea kwa muda wa kama miezi miwili. Kundi moja la wazee waliamua wenyewe mgeni aje lini na akae muda gani. Kundi la pili hawakuamua, ila waliambiwa mapema siku ya kutembelewa. Kundi la tatu mgeni aliwatokea tu. Kundi la nne halikutembelewa na wanafunzi hao. Wale wa kwanza na wa pili walikuwa na furaha zaidi, wakichangamka na kujishughulisha, na afya yao ilionekana nzuri zaidi. Kundi la tatu, ambalo lilitembelewa mara nyingi sawasawa na hao wawili, halikutofautiana sana na wale ambao hawakumwona mgeni.

Nilipofika hapo niliweka simu chini. Ule mwaka wangu mzima wa kumshtukiza mzee niliukumbuka wote.

Ndiyo maana nawaomba: kama una mzee ambaye ni rafiki yako, mpe siku. Usiishie kumpa "nitakuja". Karibuni tujadili, najua humu wapo wenye uzoefu kunizidi.

#2 Mchangiaji

Mkuu, uzi umenigusa. Swali langu ni dogo. Mnaongea nini saa sita zote hizo? Mimi nina bibi mmoja jirani yetu wa zamani, nampenda sana, lakini nikishamaliza salamu na habari za watu wa nyumbani tunabaki tunatazamana. Tena hasikii vizuri, napaza sauti mpaka naona kama namgombeza.

#3 Mleta uzi

Swali lako si dogo hata kidogo, ndilo lililonisumbua nami.

Nianze na masikio. Usikivu wa uzeeni kwa kawaida hupotea kuanzia sauti nyembamba, na konsonanti kama s, f, t na sh zinabebwa huko. Kwa hiyo mzee anasikia kwamba unaongea, ila maneno yanamfikia yakiwa na mashimo. "Sita" na "fika" kwake vinaweza kuwa kitu kimoja. Ukipiga kelele unaongeza vokali, ambazo alikuwa anazisikia tangu mwanzo, na mdomo wako unapinda hata hawezi kuusoma. Mimi nazima redio kwanza. Nakaa mbele yake, uso wangu ukiwa upande wa mwanga, dirisha likiwa nyuma yake na si nyuma yangu. Naongea taratibu kwa sauti nzito kidogo. Asiposikia sirudii neno lilelile mara tatu, natafuta neno jingine. Na kuna kosa moja ambalo naomba ulikwepe kabisa: kumwambia "basi, si kitu" anapouliza ulichosema. Neno hilo linamfungia mlango usoni.

Kuhusu mazungumzo, jaribu kurudi kwenye ujana wake. Watu waliopita umri wa kati wakiombwa kusimulia maisha yao, kumbukumbu nyingi zinatoka kati ya miaka kama 10 na 30. Kazi ya kwanza, nyumba ya kwanza, mapenzi ya kwanza, safari ya kwanza. Zamani wataalamu waliona mzee kusimulia ya kale ni dalili ya akili kuchoka. Daktari wa akili Robert Butler wa Marekani alipinga mwaka 1963, akasema kuyapitia maisha yako ni kazi halali ya uzee. Kwa hiyo usimuulize "unakumbuka?" kana kwamba ni mtihani. Muulize "ilikuwaje?" halafu nyamaza. Ukimya wake si tupu, anatafuta.

Ila nitakwambia kilichotufungua sisi. Niliacha kwenda kumhudumia, nikaanza kwenda na kazi. Mimi bado niko kwenye uchapaji. Nilimpelekea kurasa za kitabu tulichokuwa tunakiandaa, nikamwomba anisomee prufu, yaani atafute makosa kabla hakijachapwa. Nilimnunulia kioo cha kukuzia maandishi na taa ya mezani yenye mwanga mkali. Wakuu, yule mzee alikamata makosa kumi na moja ambayo mimi na wenzangu wawili tulikuwa tumeyapita! Alinirudishia kurasa akaniambia, "Mmekuwa wavivu, mnaiamini mashine." Nilifurahi mno. Kwa miaka mingi watu wamekuwa wakimfanyia. Hakuna aliyekuwa akimhitaji.

Huyo bibi yako lazima kuna kitu anakijua ambacho wewe hukijui. Kitafute, kisha kiombe kwa dhati. Usimwombe kwa kumbembeleza kama mtoto, atagundua mara moja.

#4 Mchangiaji

Asante mleta uzi. Mimi niko upande wa pili, naishi na mama yangu mwenye miaka 79, mimi ndiye ninayemwogesha na kumpa dawa. Naomba niseme yanayotusibu sisi tunaobaki ndani wageni wakishaondoka.

Kuna mgeni anaingia, anamtazama mama, anasema "mbona umekonda hivi!" Mama hali vizuri siku mbili baada ya hapo. Kuna mwingine anakaa mbele ya mama na kuniuliza mimi, "Anakula? Analala? Anakutambua?" Mama yupo, anasikia, ana akili zake. Mwingine anakuja mara moja kwa mwaka akiwa na ushauri wa mwaka mzima.

Halafu kuna rafiki mmoja wa mama, mama mwenzake wa ujana, mwenyewe ana miaka 70 na zaidi. Anakuja kila Jumatano saa nne. Kwa kuwa najua atakuja, hizo ndizo saa zangu. Naenda sokoni, napita kwa daktari wangu, au natembea tu barabarani peke yangu. Nikirudi nawakuta wanacheka jambo ambalo hawataki kuniambia. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu ananiponya mimi na mama kwa safari moja, nami sidhani kama anajua. Baada ya kusoma hapa, Jumatano nitamwambia.

Ombi langu kwako mleta uzi: watoto wa mzee wako wanajua unakwenda? Mtu asiye ndugu akionekana mara kwa mara kwa mzee anayeishi peke yake, wengine huanza kuwaza mambo ya nyumba na urithi. Wajulishe mapema.

#5 Mleta uzi

Dada, asante sana, hasa kwa hilo la mwisho. Yalinikuta. Mmoja wa watoto wake alinipigia simu akiniuliza kwa ukali natafuta nini kwa baba yake. Iliniuma, lakini nilipotulia nikaona kwamba na mimi ningeuliza hivyohivyo. Nilimwomba tuonane siku akija, nikafika, nikamweleza tulikotoka na baba yake. Tangu hapo kila nikirudi namtumia ujumbe mfupi: nimemkutaje, amesema nini, nini kimepungua nyumbani. Sishiki fedha za mzee, sishiki karatasi zake, sipokei zawadi kubwa. Akinipa kitu, mwanawe anajua jioni hiyohiyo. Leo tunasaidiana, na yeye amenipa namba ya daktari wa mzee.

#6 Mchangiaji

Mimi ni muuguzi, miaka mingi nimekuwa wodi yenye wazee. Naongezea machache kwa sababu mgeni wa kila wiki mbili ana jicho ambalo mtu wa kila siku hana. Anayemwona kila siku haoni anavyopungua. Wewe unaona.

Angalia mkanda wa suruali umeingia tundu gani. Angalia anavyoinuka kwenye kiti: anainuka mara moja, au anajisukuma mara tatu? Anatembea huku akishika ukuta? Fungua jokofu kwa ruhusa yake, kama kuna vitu vimeharibika jiulize kwa nini. Zulia lililojikunja, waya uliopita njiani na kandambili zilizolegea vinaangusha wazee wengi, na mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri huo wengi hawarudi kutembea kama mwanzo. Mwambie, mkubaliane, ndipo uondoe. Usimpangie nyumba upya, maana gizani usiku anatembea kwa kumbukumbu.

Kiu hupungua uzeeni. Mwili unahitaji maji lakini hautoi taarifa kwa nguvu kama zamani, kwa hiyo "sina kiu" haimaanishi amekunywa vya kutosha. Kunyweni pamoja mkiwa mnaongea. Kama daktari amempunguzia maji kwa sababu ya moyo au figo, mfuateni daktari.

Na hili naliandika kwa msisitizo. Mzee aliyekuwa timamu wiki iliyopita, leo ghafla anachanganya siku, anaona watu wasiokuwepo, au amelala usingizi usioeleweka: huo si uzee! Uzee hauingii kwa siku mbili. Inaweza kuwa maambukizi ya mkojo au mapafu, na kwa mzee homa inaweza isionekane kabisa. Inaweza kuwa upungufu wa maji, choo kilichofunga, au dawa mpya. Hata vidonge vya usingizi na baadhi ya dawa za mafua na mzio huwavuruga wazee. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na beba dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na zile za kununua mwenyewe.

#7 Mchangiaji

Samahani kwa kuingilia. Mimi rafiki yangu ana ugonjwa wa Alzheimer. Alikuwa mwalimu wangu, baadaye tukawa marafiki. Naenda kila mwezi. Nikifika anafurahi, nikitoka mlangoni nikarudi kuchukua mwavuli ananisalimia upya. Mke wangu ananiuliza naenda kwa faida ya nani kama hakumbuki. Sina jibu.

#8 Mchangiaji (muuguzi wa hapo juu)

Kaka, jibu lipo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer vipande vya filamu, vingine vya huzuni, vingine vya furaha. Dakika chache baadaye wengi walikuwa wamesahau walichokiona. Hisia zilibaki. Waliohuzunishwa waliendelea kuwa na huzuni, waliofurahishwa waliendelea na furaha, bila kujua imetoka wapi. Nami nimeliona hilo kazini mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mwalimu wako jioni ile ametulia, na hajui kwa nini. Wewe unajua.

Nenda asubuhi, maana wengi wao huvurugika jua linapoanza kushuka. Ukifika taja jina lako mwenyewe, usimtegee akutambue.

#9 Mchangiaji

Nimesoma kimya tangu juu, sasa naomba msaada. Nimemtembelea mzee mmoja kila Jumapili kwa mwaka mzima. Nimepata kazi mbali sana, naondoka mwezi ujao. Sijamwambia. Nimefikiria nipunguze polepole, nipite mara moja moja, mpaka azoee. Nifanyeje?

#10 Mleta uzi

Mkuu, usifanye hivyo, tafadhali. Mwambie Jumapili hii.

Nilipoeleza lile jaribio la 1976 sikumalizia, na kipande hiki kinanitisha hadi leo. Schulz na mwenzake Barbara Hanusa waliwafuatilia wazee walewale baadaye, wakachapisha mwaka 1978. Ziara zilikuwa zimekoma jaribio lilipokwisha. Makundi mawili yaliyokuwa yamenufaika, yale yenye mgeni wa uhakika, yalikuwa yameshuka kiafya na kimoyo. Wale waliotembelewa ovyo na wale ambao hawakutembelewa hawakushuka hivyo. Yaani walipewa kitu cha kukitegemea, kisha kikaondolewa pasipo kuwekewa kingine.

Lilikuwa jaribio dogo, sitaki ulibebe kama hukumu. Lakini mimi limenifanya nijiulize nikiumwa itakuwaje, nikihamishwa itakuwaje. Niliona nimemjengea mzee nguzo moja, na nguzo yenyewe ni mimi. Nikaanza kutafuta nyingine. Nilimfuatilia mfanyakazi mwenzetu wa zamani anayekaa karibu naye kuliko mimi, nikamshawishi tuende pamoja mara mbili. Kuna kijana wa jirani yake anayesoma sekondari, nikamwomba ampelekee mzee insha zake azisahihishe.

Kwako wewe: mwambie tarehe ya kuondoka, mhesabu pamoja Jumapili zilizobaki. Mwulize yeye anataka nani, usimchagulie. Mtambulishe mtu huyo ukiwa bado upo, mara mbili tatu. Na ukifika huko, simu yako iwe na siku na saa yake, Jumapili ileile. Atalia, pengine na wewe utalia. Hiyo nayo ni heshima yake, usimnyime kwa kutoweka kidogo kidogo.

#11 Mchangiaji (wa namba 9)

Nimemwambia. Alinyamaza muda mrefu sana, kisha akauliza huko ninakokwenda kuna baridi kiasi gani. Amesema atanipa koti lake. Ana mtu anamtaka aje badala yangu, ni binti wa rafiki yake marehemu. Nampigia kesho.

#12 Mleta uzi

Wakuu, ni wiki saba tangu nifungue uzi huu. Nimerudi kuwapa mrejesho, kwa sababu kuna jambo limetokea Alhamisi.

Mzee kanipigia simu mwenyewe. Si kawaida yake, nikashika simu moyo ukinidunda. Akaniambia, "Jumamosi hii usije." Nikauliza kuna nini, unaumwa? Akasema haumwi. Yule kijana wa jirani ana mtihani wiki ijayo, ameomba Jumamosi nzima wapitie insha, na yule mwenzetu wa zamani atapita mchana. "Nyumba itajaa," akasema. "Wewe njoo Jumatatu, uje na zile kurasa, na usichelewe kama mara ile."

Nimeomba ruhusa kazini. Jumatatu saa tatu nitakuwa mlangoni.